Tanuri la tope likitoa moshi, anza na maji

Juzi baada ya swala ya isha, tukiwa barazani kama kawaida yetu, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha video ya jengo refu lenye umbo la wimbi, limekaa pembezoni mwa bahari. "Hiki ni kiwanda cha Hong Kong," akasema. "Wanachoma tope la maji taka na umeme wanapata humo humo. Ami, sisi Mombasa mbona tusiwe nacho?"

Wazee waliguna. Mmoja akasema choo chake kimejaa tangu mwezi uliopita na gari la ekzosta halijaja, sembuse tanuri. Lakini swali lilirudi kwangu, maana wanajua diploma yangu ni ya ufundi mitambo na kwamba nimekula moshi wa boila na matanuri kwa miaka. Jawabu lilikuwa refu hata kahawa ikapoa. Naliandika hapa kwa sababu swali hili litarudi, na siku hiyo huenda likaletwa na mtu aliyeshika makaratasi ya zabuni badala ya kijana mwenye simu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Maji taka yakishasafishwa, maji huenda zake na chini hubaki tope. Tope hilo halina pa kukimbilia: ama litandazwe shambani, ama lizikwe, ama lichomwe. Uswisi ilipiga marufuku kulitia mashambani tangu mwaka 2006. Ujerumani ilipitisha kanuni mwaka 2017 inayozitaka stesheni kubwa zianze mwaka 2029 kuirudisha fosforasi iliyomo kwenye tope, na njia mojawapo ni kulichoma kisha kuitoa fosforasi hiyo kwenye jivu. Wajapani wanachoma kwa sababu ardhi ni finyu. Kwa hiyo yule kijana hakuota. Kitu kipo na kinafanya kazi. Ila kinaugua, na maradhi yake ndiyo yanayoonyesha kama sisi tunakiweza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilipelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali moja ya mwambao, jina nitaliacha. Nyuma ya wodi kulikuwa na tanuri la kuchomea taka: bandeji, sindano, mirija ya dripu. Likiwashwa asubuhi, moshi mweusi ulitambaa hadi kwenye chuo cha Kurani kilichopakana nasi, na maalim akawa anafunga madirisha, watoto wanasoma kwa joto na kikohozi. Malalamiko yalipozidi, bana ililaumiwa. Ikanunuliwa bana mpya kwa pesa nyingi. Wiki ya kwanza moshi ulipungua, ya pili ukarudi vilevile.

Siku moja niliachiwa zamu. Nikaona kipima joto kinashuka, nami kwa elimu yangu ya kitabu nikaongeza mafuta. Moshi ukawa mweusi tititi. Fundi mzee aliyenisimamia alikuja, hakugusa swichi hata moja. Alichukua chuma kirefu akavuta jivu nje, akalipasua. Ndani lilikuwa jeusi, na pamba iliyomo haijaungua. "Mwanangu," akaniambia, "walilisha chakula kibichi halafu walipiga kwa nini halitafuni." Tukaenda wodini. Chupa za dripu zilikuwa zikitupwa na maji nusu ndani, na matambara yaliyolowa yakitiwa mfuko mmoja na karatasi. Wauguzi walipoanza kumwaga dripu kwanza na kutenganisha mifuko, moshi ulikatika karibu wote. Ile bana ya zamani iliyotupwa stoo ingetosha kabisa.

Mafuta niliyoongeza yalifanya nini? Yalikula hewa iliyokuwa ikihitajiwa na taka. Moto ukikosa hewa hutoa masizi, mafuta yawe mengi kiasi gani. Na kipima joto kilishuka kwa sababu ya maji, wala si kwa uhaba wa mafuta. Nilitibu homa nikaacha kidonda.

Tanuri la tope ni hadithi hiyo hiyo kwa tani mamia. Hata baada ya kukamuliwa kwa mashine, tope lililo sawa na udongo wa mfinyanzi kwa kulitazama huwa ni asilimia 20 hadi 30 tu ya kitu kikavu. Kilichobaki ni maji. Kuigeuza kilo moja ya maji ya vuguvugu kuwa mvuke wa digrii 850, joto ambalo tanuri huhitaji, hula takriban megajuli 4. Kilo moja ya tope kavu ambalo halijaoza hutoa kama megajuli 17. Sasa hesabu: tope likiwa na asilimia 20 ya ukavu, kila kilo ya kitu kikavu imebeba kilo 4 za maji, na maji hayo pekee yanameza megajuli 16. Na bado hujapasha hewa ya kuchomea. Likifika asilimia 25, mzigo unashuka hadi kilo 3 za maji. Likifika 30, ni kilo 2 na theluthi, na hapo tope huanza kujichoma lenyewe bila dizeli.

Angalia vizuri hapo kati ya 20 na 25. Kwa macho huoni tofauti, ila robo nzima ya maji imeondoka. Kwa hesabu yangu, kwa kila kilo 200 za kitu kikavu umeokoa zaidi ya lita 20 za dizeli. Ndiyo maana mwendeshaji hodari, dizeli ikianza kupanda, huliacha tanuri akatembea mpaka chumba cha kukamulia. Mwenye kukamua tui anajua: nazi ni ile ile, lakini kifumbu kikiwa kimechakaa au mkono umechoka, hupati kitu. Huko atatazama polima, ile dawa inayoshikanisha tope ili maji yaachane nalo: je, kipimo kimebadilishwa? Tope limekaa siku ngapi tangini? Lililochacha hukamulika kwa taabu. Je, mchanganyiko umebadilika, kukawa na tope jingi la vijidudu, ambalo ni telezi na hushikilia maji kuliko lile zito linalotuama lenyewe? Maradhi mengi ya tanuri huanzia hapa, mita mia kutoka kwenye moto.

Matanuri yenyewe ni ya aina mbili kuu, na kila moja lina tabia zake.

La zamani ni la sakafu nyingi. Lilianza kuchoma tope huko Dearborn, Michigan, Marekani, katika miaka ya 1930. Chukua mnara wa chuma uliojengwa kwa matofali ya moto ndani, wenye sakafu kadhaa moja juu ya nyingine, na nguzo katikati inayozunguka polepole ikiwa na mikono ya chuma yenye meno. Tope huingia juu, mikono inalipiga reki kutoka sakafu hadi sakafu. Zile za juu hukausha, za kati huunguza, za chini hupoza jivu.

Ugonjwa wake mkubwa ni moto kuhama. Tope likija na maji mengi, moto hushuka sakafu za chini, na jivu hutoka jeusi. Likija kavu kuliko jana, au mtu akimwaga ndani yale mafuta ya kupikia yanayoelea juu ya matangi, moto huruka sakafu za juu, mahali pasipojengewa joto hilo, na mikono ya chuma hujikunja kama msumari wa moto. Mwendeshaji mwoga hapo hufanya mambo manne kwa mkupuo: anapunguza lishe, anafungua hewa, anazima bana na kuongeza kasi ya nguzo. Baada ya saa moja hajui ni lipi lililomponya na ni lipi lililomdhuru. Matofali yale ni mazito, hushika joto, na hujibu kwa kuchelewa. Unabadilisha kitu kimoja, unasubiri, unaandika kwenye daftari. Mwoka mofa hageuzi mikate kila dakika.

Kuna na mtego wa vipimo, ambao umeshawatia wengi hasara. Kipima joto kikifunikwa na jivu lililoyeyuka husoma chini kuliko ukweli. Mwendeshaji akikiamini huongeza moto, jivu linayeyuka zaidi, mabonge yanashika sakafu na meno, na mwisho wake ni kuzima na kuingia na nyundo. Kadhalika kipimo cha oksijeni. Kinaweza kuonyesha hewa tele huku moto unakufa kwa kukosa hewa, kwa sababu mpira wa mlango umepasuka na hewa baridi inapenya huko juu, karibu na kipimo, bila kupita kwenye moto. Tanuri hili huhitaji hewa ya ziada ya asilimia 75 hadi 100. Hewa ya mlango mbovu haimo kwenye hesabu hiyo, inapoza tu. Kwa hiyo namba ikikwambia jambo moja na jivu likakwambia jingine, amini jivu kwanza.

Tanuri jipya zaidi ni la mchanga unaochemka. Marekani lilianza kuchoma tope mwaka 1962 huko Lynnwood, katika jimbo la Washington, na ndilo wanalotumia Hong Kong. Ndani kuna mchanga wa kimo cha mita moja hivi, na feni kubwa inasukuma hewa kutoka chini kupitia nozeli nyingi mpaka mchanga wote unatokota kama uji. Tope likiingia humo husagika na kuungua kwa dakika chache. Halina mikono ya kujikunja, linatosheka na hewa ya ziada ya asilimia 40 hivi, na stima ikikatika mchanga hulala ukahifadhi joto kwa saa nyingi. Kwa nchi yenye stima kama yetu, hilo si jambo dogo. Lile la sakafu nyingi likikatikiwa na stima, hewa ya kupoza nguzo husimama na mikono huanza kuiva papo hapo, isipokuwa jenereta iwahi.

Tanuri la mchanga unalisikiliza kwa presha. Tofauti ya presha kati ya chini na juu ya mchanga hukwambia uzito wake. Ikipanda siku baada ya siku, changarawe za mifereji zimeingia na tope zikabaki. Ikishuka, mchanga unapotea: unasagika na kupeperuka na moshi, au unadondokea chini kupitia nozeli kila mara mnapozima. Ikirukaruka, hewa imejitoboza njia upande mmoja na upande wa pili mchanga umelala. Na mchanga ukipoa huku nafasi ya juu yake inapanda joto, ujue tope linaungulia hewani kabla ya kuzama. Wengine hapo humwagia mafuta mchangani na kudhani wameponya.

Lakini kwetu sisi wa mwambao kuna ugonjwa mmoja unaopita yote hayo, nao ni chumvi.

Chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye digrii 801. Ikichanganyika na salfeti ya sodiamu, mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kwenye digrii 630 hivi, chini kabisa ya joto la mchanga wetu. Punje za mchanga zinapakwa utando wa kioo kilaini, zinashikana mbili, nne, kumi, na uji ule unageuka kuwa kashata. Nozeli zinaziba, hewa inakosa njia, mnazima, mnachonga mabonge. Kuongeza mafuta hapo ni kuongeza ugonjwa. Dawa ni kushusha joto la mchanga, kuubadilisha sehemu yake mara kwa mara, na mahali pengine kutia udongo mweupe wa kaolini unaoinasa sodiamu ikawa kitu kisichoyeyuka upesi. Na juu ya yote, kuipima chumvi kwenye tope kabla haijafika motoni.

Nimelitaja hili kwa sababu Hong Kong si mfano wa bahati nasibu. Wakazi wake wengi, kama asilimia 80, husafishia vyoo kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950 utaratibu huo ulipoanza, kwa hiyo maji taka yao yana chumvi. Kiwanda kile cha Tuen Mun, kilichoanza kazi mwaka 2015 na kuweza tani 2,000 za tope kwa siku, kilijengewa watu wanaojua kwamba tope lao ni la chumvi. Sasa sisi: visima vyetu vingi ni maji ya chumvi, jiwe letu ni la matumbawe na linapitisha maji kama chujio, mashimo ya vyoo yamechimbwa humo humo, na nyumba ngapi za Mji wa Kale, Likoni na Kisauni husafishia choo kwa maji ya kisima? Mtu akituletea tanuri lililosanifiwa kwa mji wa bara huko Ulaya, wenye maji baridi ya mto, atalikabidhi likiwa linang'aa, ribini itakatwa, na mchanga utaanza kushikana akiwa ameshapanda ndege.

Tope letu tena si lile linalotoka moja kwa moja kwenye mabomba. Kipevu ipo, lakini wengi wetu ni watu wa shimo na tangi. Tope la shimo limekaa miaka, limeoza, nguvu yake ya moto imekwisha kuliwa. Lililooza hutoa kama megajuli 12 kwa kilo badala ya zile 17. Lina mchanga uliomomonyoka kutoka kuta, lina matambara, lina nepi za watoto na mifuko. Ukiyaweka pamoja, yaani chumvi, mchanga na nguvu ndogo, umepata karibu kila kitu ambacho mwendeshaji hamtakii adui yake.

Moshi nao usomwe kwa utulivu, hasa na majirani, maana wao ndio watakaoupumua. Mweupe unaotoka kwenye dohani na kuyeyuka hewani baada ya mita chache ni mvuke, usiwatishe. Mweusi ni masizi, hewa haikutosha. Ule wa samawati au manjano usiotaka kuyeyuka, unaovutika mbali na harufu ya mafuta yaliyoungua, ndio mbaya: ni mivuke ya tope iliyokaushwa sakafu za juu ikakimbia bila kuguswa na moto. Dawa yake ni chumba cha pili cha moto mwishoni, mivuke ipite humo kwenye digrii zaidi ya 800 kabla haijatoka. Na moshi ukianza kutokea milangoni badala ya dohani, liacheni tanuri kwanza, tazameni feni ya kuvuta na mnara wa kuoshea moshi. Aghalabu bomba la kutolea maji limeziba na moshi hauna pa kupita. Zebaki haikai kwenye jivu hata moto uwe mzuri namna gani. Huruka na moshi, na kuinasa kunahitaji chujio lake mbali, ambalo katika bei za haraka haraka ndilo la kwanza kufutwa.

Haya ndiyo niliyomwambia yule kijana, kwa maneno machache kidogo. Hakukata tamaa, na mimi sikutaka akate. Naivasha kuna kampuni ya Sanivation inayogeuza tope la vyoo kuwa makaa ya kuchomea kwa kulichanganya na mabaki mengine, na jua la kukaushia sisi tunalo kuwazidi. Tope likikaushwa na jua bure, nusu ya maradhi niliyoyataja huondoka. Ile ya chumvi itabaki.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza kama kuna aliyewahi kuchukua tope la choo cha hapa mtaani akalipeleka maabara, kujua lina maji kiasi gani, chumvi kiasi gani na mchanga kiasi gani. Hakuna aliyemjibu. Kijana akaandika kitu kwenye simu yake. Kesho yake alinipigia kuuliza sampuli inachukuliwa kwa chombo gani. Nikamwambia chupa safi ya mdomo mpana, ijazwe mara tatu: gari la ekzosta likianza kumwaga, likifika nusu, na likikaribia kwisha, maana tope la juu ya shimo si sawa na la chini. Yuko anamtafuta dereva atakayekubali.